Sikio, Diapazoni na Simu

Vijana wa kwaya hutuuliza mara kwa mara kama ile diapazoni tuitoayo mfukoni bado ina kazi duniani. Wao wana simu. Mtu aimbapo mbele ya simu, sindano hucheza juu ya kioo, jina la noti hutokea, na rangi hugeuka kijani kama sauti ni sawa, nyekundu kama imepotoka. Sisi tuna kipande cha chuma chenye meno mawili, tulichokipata tulipokuwa wanafunzi wa seminari, nacho chajua sauti moja tu. Yaonekana kesi imekwisha kabla ya kusikilizwa. Lakini mwaka 2020 tulifanya kosa kubwa kwa kutumia simu, kisha tukalitengeneza kosa hilo kwa simu ile ile, na katikati ya mambo hayo mawili tulijifunza neno ambalo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa wale wafundishao nyimbo kandokando ya ziwa, toka Kavimvira mpaka Makobola na mbele yake.

Wenyeji wa Uvira hawajausahau mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuingia mjini. Watu wengi walikufa, na maelfu walikosa makao. Mbele ya misiba ile kupotea kwa kinanda si kitu cha kulilia. Twakitaja tu kwa sababu ndipo habari yetu ianzapo. Harmoniumu yetu, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ililala katika tope. Mbao zilivimba, ngozi za mivukuto zikaoza. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi wa Agosti, baada ya miezi ya kukaa kimya kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kwaya yetu ilikuwa na ngoma, gitaa moja, na likembe la Mzee.

Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe hapendi kutajwa. Alikuwa ameshuka na jamaa zake kutoka milimani, akapata nyumba karibu nasi. Likembe lake lilikuwa na ndimi 11 za chuma, zilizopangwa juu ya kisanduku cha mti, na kila ulimi ulivikwa pete ndogo ya bati ili uvume kama nyuki. Kabla ya kupiga wimbo alikuwa na desturi ya kuzigusa ndimi zote moja moja, kama mama ahesabuye watoto wakati wa kulala. Waimbaji walimpenda. Likembe likianza, kina mama wa sauti ya pili walishika njia yao bila kuyumba, jambo ambalo sisi na fimbo yetu tulikuwa hatujalipata kwa miaka mingi.

Ila gitaa na likembe havikupatana. Kila vilipopigwa pamoja tulisikia ugomvi. Basi siku moja kabla ya majuma ya Majilio, Mzee akiwa amekwenda msibani, tulilichukua likembe lake, tukaweka simu mezani, tukaanza kulisahihisha. Kazi yenyewe si ngumu: ukiusukuma ulimi nyuma, sehemu inayotetemeka yawa fupi na sauti yapanda, ukiuvuta mbele, sehemu hiyo yawa ndefu na sauti yashuka. Ulimi mmoja ulisoma mitetemo 318 kwa sekunde. Simu ikaonyesha nyekundu. Tukauvuta mpaka 311, simu ikaonyesha kijani, nasi tukafurahi. Hivyo hivyo mpaka ndimi zote 11 zikawa za kijani.

Mzee aliporudi, alizigusa ndimi zake moja moja kama kawaida. Alipofika ya tatu akasimama. Akairudia. Kisha akaliweka likembe juu ya benchi, polepole sana, akasema, "Mwalimu, hiki ni kinanda cha nani?"

Tulimweleza habari ya simu na ya gitaa. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alijaribu kupiga, kwaya ikajaribu kuimba, na wimbo ule ambao wiki iliyopita ulipanda wenyewe ukawa unateleza kila tulipofika pale katikati. Mama mmoja akasema kwamba wimbo umevaa viatu vya mtu mwingine. Tukamwomba Mzee azirudishe ndimi mahali pake. Akajaribu jioni nzima. Sauti yake mwenyewe ya kuimbia, ambayo ndiyo iliyokuwa kipimo chake, ilikuwa imedhoofika kwa kikohozi tangu mvua zile, na kila alipofikiri amefika alitikisa kichwa. Likembe hilo alilirithi kwa baba yake pamoja na sauti zake, na sisi mwalimu tulikuwa tumezifuta kwa saa moja.

Hapa yatupasa kuiacha habari kidogo tueleze jinsi kimo cha sauti kipimwavyo, maana bila hivyo kosa letu halitaelewa mtu.

Kila sauti ni mtetemo. Kitu kikitetemeka mara nyingi kwa sekunde, sauti yawa nyembamba. Kikitetemeka mara chache, yawa nene. Kujua kimo cha sauti ni kujua idadi hiyo. Mafundi huzigawa njia za kuitafuta mafungu mawili. Fungu la kwanza huitwa analogia: chombo huufuata mtetemo wenyewe bila kuukata, kama kivuli kimfuatavyo mtu. Fungu la pili huitwa dijitali: mtetemo hukatwa vipande vidogo, kila kipande huandikwa kwa tarakimu, kisha mashine hupiga hesabu.

Chombo cha kwanza cha analogia twazaliwa nacho. Ndani ya sikio mna mfereji uliojikunja kama konokono, na ndani yake utando mrefu. Sauti nyembamba huutikisa utando huo karibu na mlango, sauti nene huutikisa mbali, kwenye ncha. Georg von Békésy, aliyeyachungua mambo hayo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961. Sikio halisemi "318". Lasema "hii iko juu ya ile," au "hizi mbili ni moja," na kwa hukumu ya namna hiyo lina ukali wa ajabu.

Diapazoni huutumia ukali huo. Ilibuniwa na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, mwaka 1711. Yenyewe haipimi kitu. Hutoa sauti moja safi, na kazi ya kulinganisha yabaki kwa sikio. Chukua diapazoni mbili, moja ya mitetemo 440 na nyingine ya 442, uzigonge pamoja. Hutasikia sauti mbili. Utasikia sauti moja inayovimba na kunywea mara mbili kila sekunde, kama mawimbi mawili yanayokutana ufukoni, mara yanasaidiana, mara yanafutana. Mapigo hayo ukiyahesabu kwa saa ya ukutani, umeipata tofauti kamili. Johann Scheibler, mfanyabiashara wa hariri wa Crefeld huko Ujerumani, alieleza njia hiyo mwaka 1834, akapima sauti kwa usahihi ambao mafundi wa umeme wangeweza kuuonea haya, naye hakuwa na waya hata mmoja.

Na njia hiyo ilikuja mpaka kwetu Afrika. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita Kongo na Ruanda-Urundi mwaka 1952 akinasa nyimbo na vinanda vya wenyeji, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Alikuwa na sanduku la diapazoni 54, ya kwanza ya mitetemo 212, ya mwisho ya 424, kila moja ikimzidi mwenzake kwa mitetemo 4. Msomaji apendaye hesabu ataona hekima yake: 424 ni 212 mara mbili, maana yake duru nzima ya sauti, toka noti moja mpaka ndugu yake wa juu, imo ndani ya sanduku, na ulimi wowote wa duru hiyo utakaougusa hauwezi kuwa mbali na diapazoni yake kupita mitetemo 2. Kilichobaki ni kuhesabu mapigo. Tena angalieni jambo hili: hakuna diapazoni hata moja katika sanduku lile iliyotengenezwa ili kumwambia mpiga likembe kwamba amekosea. Zilitengenezwa ili kuuliza, "Wewe uko wapi?"

Diapazoni ina udhaifu wake, tusiifiche. Chuma kikipata joto hulegea kidogo, na sauti hushuka karibu sehemu moja katika elfu kumi kwa kila digrii. Diapazoni iliyopimwa kwa 440 katika chumba cha digrii 20 huko Ulaya, hapa Uvira saa nane ya mchana yaweza kupungukiwa na nusu ya mtetemo. Tena yamtaka mtu aliyezoea, mahali penye utulivu. Mvua ikipiga mabati, kazi imekwisha.

Simu yafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kipaza sauti chake huugeuza mtetemo uwe umeme. Mpaka hapo bado ni analogia. Kisha umeme huo hupimwa mara 44,100 kila sekunde, au 48,000, na kila kipimo huandikwa kama namba. Sasa simu ina foleni ndefu ya namba, wala haina sikio. Njia moja ya kukipata kimo ni hii: mashine huinakili foleni, huisogeza nakala hatua moja, mbili, tatu, huku ikiilinganisha na ile ya asili, mpaka zilaliane. Zikilaliana baada ya hatua 100, mashine hugawa 44,100 kwa 100, yapata 441. Hiyo ndiyo sauti.

Lakini ukisogeza hatua 101 wapata 436 na kitu. Kati ya 441 na 436 hamna hatua! Sauti ya 439 yakaa katikati ya ngazi mbili, mahali pasipo pa kukanyaga, na mashine hulazimika kukisia kwa hesabu nyingine ya ziada. Tena foleni iliyolaliana baada ya hatua 100 hulaliana pia baada ya 200, na mashine isiyo na akili yaweza kusema 220, noti ya chini yake. Kosa hilo la kuruka duru nzima laijulikana sana. Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara walitoa mwaka 2002 hesabu waliyoiita YIN, yenye kulipunguza kwa sehemu kubwa. Zile pete za bati za likembe huzidisha taabu, maana mvumo wao huongeza mitetemo mingi juu ya ule wa ulimi. Sikio la mtoto wa Uvira lasikia ulimi na mvumo wake kama kitu kimoja; simu yatapatapa.

Basi simu hukosea, na diapazoni hukosea. Lakini si katika makosa hayo sisi tulipoanguka. Siku ile simu ilisema kweli. Ulimi ulikuwa na mitetemo 318 hasa. Anguko lilikuwa katika neno la pili, lile la rangi. Kupima ni jambo moja. Kusema "nyekundu" ni jambo lingine. Ile rangi haitoki katika sauti. Yatoka katika orodha ya noti 12 iliyowekwa ndani ya programu na mtu aliyeitengeneza, orodha ya piano, yenye kuzihesabu kutoka 440. Na hiyo 440 yenyewe ni mapatano ya watu: Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859, na 440 ilikubaliwa na wajumbe wa mataifa waliokutana London mwaka 1939. Ni mapatano mema, yasaidia kinanda cha Bujumbura kupatana na kinanda cha Roma. Ila baba yake Mzee hakuwako London.

Wataalamu walilijua hili zamani. Mwaka 1885 Alexander Ellis alipopima vinanda vya mataifa mengi, alikata nafasi kati ya noti mbili jirani za piano vipande 100, akaviita senti, duru nzima ikawa senti 1200. Akakiri kwamba ngazi za muziki duniani ni nyingi. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, mkuu wa jumba la makumbusho la Uganda, aliandika juu ya kinubi cha Waganda kilichogawa duru sehemu tano zilizo sawa, yaani karibu senti 240 kila moja. Hakuna hatua ya namna hiyo katika piano. Na kwa upande wa dijitali, Joren Six na Olmo Cornelis wa Ghent, Ubelgiji, walieleza mwaka 2013 programu yao iitwayo Tarsos. Hiyo huusikiliza wimbo wote, hukusanya vimo vyote vilivyosikika, na kuvichora kama vichuguu: palipo na kichuguu kirefu ndipo ilipo noti ya wenye wimbo. Programu hiyo haina haja ya kuulizia piano kwanza. Olmo Cornelis alichunguza kwa njia hiyo nyimbo za Afrika ya Kati zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Ni mashine ya dijitali, na yauliza swali lile lile la sanduku la Tracey.

Wenzetu wasemao Kifuliiru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Lugha yao ina sauti za juu na za chini zinazobadili maana ya maneno. Karen Van Otterloo ameeleza habari zake katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2011. Baba mwenye sauti nene na mtoto mwenye sauti nyembamba hutamka neno moja kwa mitetemo iliyo mbali kabisa, na wala hawakosi kuelewana, maana kila mmoja huweka ya juu yake juu ya ya chini yake. Kama nyanya angemsahihisha mjukuu kwa namba, mtoto asingesema neno mpaka awe mzee.

Turudi kwa Mzee. Kwa siku tatu hatukulala vizuri. Siku ya nne mwanafunzi mmoja alikuja kutuambia kwamba alikuwa amenasa mazoezi ya Oktoba katika simu yake ili adhaka wenzake wa sauti ya nne. Tukasikiliza. Kwanza makofi, kicheko, mtu akikohoa. Halafu, kabla ya wimbo, Mzee akizigusa ndimi zake moja moja, zote 11.

Tulitafuta programu ionyeshayo idadi ya mitetemo tu, isiyo na rangi. Tukaurudia kila mlio mara kumi, mara ishirini. Kwa ule ulimi wa tatu mara ilisema 318, mara 636, kwa ajili ya zile pete. Tukajua kwamba ya pili ni ya kwanza mara mbili, tukaandika 318. Tuliporidhika tulikuwa na namba 11 kwenye karatasi ya daftari. Tukampelekea Mzee, tukamwomba radhi kwanza, ndipo tukamwonyesha. Yeye alisukuma ndimi kwa kijiti na jiwe, sisi tukasoma. "Bado, Mzee. Bado kidogo. Hapo." Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na nadra tumeona asubuhi nzuri kama ile.

Jioni kwaya ikaja. Mzee hakupiga wimbo. Aliwaomba kina mama na watoto wavumishe kwa midomo iliyofumbwa ule mstari wa katikati, akainamisha sikio juu ya likembe, akaugusa ulimi wa tatu, akaugusa tena. Kisha akachukua kijiti akausukuma kidogo. Sisi tulikuwa na simu mkononi, ikasoma 321.

Tukamwambia, "Mzee, ile ya Oktoba ilikuwa 318."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu. "Oktoba hawa watoto hawakuwamo."

Tukaizima simu. Gitaa tulilinyamazisha mpaka baada ya Noeli, na wimbo ule ukapanda.